UZI: Nauza kanga kwa imeili, naandika kila siku na wateja hawanikimbii. Njooni niwaeleze ninavyofanya

Doti Moja #1

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa. Mimi ni msomaji wa kimya kimya humu miaka mingi, leo nimeona nilipe deni. Wiki iliyopita kuna mtu kauliza afanyeje wateja warudi, watu wakamjibu weka ofa, weka ofa, weka ofa. Nikasema hapana jamani hili nalijua, ngoja niandike. Mtanivumilia, naandika kwa simu na duka liko wazi, kwahiyo nikikatika jueni kaingia mteja.

Nauza kanga. Duka dogo tu hapa Dar, mzigo nachukua kwa jumla Kariakoo mtaa wa Uhuru kama wenzangu wote, bei zangu sio za chini kuliko za mtu wala sina kanga ambazo wengine hawana. Hilo mlishike maana ndo msingi wa yote. Kanga niliyonayo mimi na jirani yangu anayo, tena siku nyingine anauza nafuu. Ila kuna mtu yuko Muscat, kuna mwingine yuko Leicester huko Uingereza, kuna dada wa benki hapo Posta, wote hao wakitaka kanga wananitafuta mimi. Sababu ni moja, kila siku saa moja na nusu asubuhi nawaandikia imeili. Kila siku, kasoro Jumapili.

Nilianzaje. Mnakumbuka ile Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika zote kwa mpigo kuanzia jioni mpaka usiku wa manane? Mimi siku ile nilikuwa nimetoka kupiga picha doti arobaini mpya, nikazipandisha, nikaenda kuinjika ugali, narudi nakuta kimya. Nikajua bando limeisha, nikanunua jingine. Masaa sita nimekaa na kanga zangu, nazitazama zinanitazama. Usiku ule ndo nikashtuka, wateja wa miaka mitatu wote sina namba ya mtu hata mmoja, sina jina kamili la mtu, najua tu fulani underscore fulani anapenda rangi ya zambarau. Kosa langu mwenyewe, nilijenga nyumba kwenye kiwanja cha watu.

Kesho yake nikanunua kaunta buku. Kila anayelipia namuuliza jina, simu na imeili, na namwambia kabisa nitakuwa nakuandikia, ukichoka niambie nakutoa. Hadi Desemba nilikuwa na watu 43.

Sasa hapo nikafanya ujinga ambao naona wengi humu mnaufanya. Nikawa natuma tangazo. Picha moja kubwa imetengenezwa na kijana wa stationari, ina maua, ina OFA OFA OFA kwa herufi nyekundu na chini namba ya simu. Kila Ijumaa. Wiki ya kwanza akajibu mmoja, wiki ya pili hakuna, wiki ya tatu wawili wakaniandikia dada nitoe. Mimi mwenyewe ningetumiwa ile kitu nisingeifungua, basi tu.

Ngoja kaingia mtu, nakuja.

Kigoda cha Nyuma #2

Naweka kigoda. Endelea mkuu.

Mzee wa Kijiwe #3

Dada usituchoshe, nani anasoma imeili Bongo hii? Mimi yangu niliifungua kwasababu simu ilikataa kuwaka bila imeili, nywila yenyewe nimesahau. Watu wako WhatsApp. Weka stetasi, tuma brodikasti, umemaliza.

Doti Moja #4

Nimerudi. Mzee wa Kijiwe shikamoo, una hoja na wala sibishani nayo. Kama unauza mkaa Tandale usiandike imeili. Mimi wateja wangu wengi wako ofisini au wako nje, mtu wa ofisini akifika asubuhi kitu cha kwanza anafungua kompyuta na huko kote anakutana na "rejea barua yako ya tarehe", katikati ya mambo hayo makavu anaikuta yangu. Brodikasti nilijaribu, listi moja mwisho watu 256 na anaipata yule tu aliyekuseivu namba yako, ambaye hajakuseivu unamwandikia hewani. Ila haya ninayosema ya kuandika yanafanya kazi hata kwenye meseji ya kawaida.

Tuendelee. Siku moja mwezi wa pili sikuwa na mzigo mpya, sina picha, sina ofa, na Ijumaa imefika. Nikasema ngoja niandike tu kilichotokea dukani jana yake. Nawawekea yenyewe kama ilivyo, nimebadilisha vitu viwili vitatu asijulikane mtu, na mwenyewe nilimwomba ruhusa akasema andika mwanangu:

*Kichwa: Naogopa simba na meno yake*

*Jana saa kumi kaingia mama mmoja dukani, kavaa vizuri, hasemi, anapekua tu. Nikamuuliza mama unatafuta rangi gani, akasema rangi yoyote, natafuta maneno.*

*Nikajua hapa kuna jirani.*

*Nikamtolea "Hasidi hana sababu", akaisoma akairudisha. Kali mno, akasema, sitaki ajue nimeumia. Nikamtolea "Wema hauozi", akacheka, huyo hastahili hiyo. Tukaenda hivyo mpaka nikapanda ngazi nikashusha bunda la juu kabisa, vumbi tupu, nyeusi na nyekundu: Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.*

*Akainyamazia kidogo. Kisha akasema nipe doti mbili. Moja ya kuvaa, moja ya kuanika.*

*Ya kuanika! Nimecheka mpaka nafunga duka.*

*Bunda lilikuwa na doti kumi na mbili, zimebaki kumi. Ukitaka, jibu imeili hii useme "simba", nakuwekea pembeni.*

*Usiku kanipigia simu kuniambia kilichotokea alipoanika. Nitakwambia kesho.*

Basi. Haina picha, haina nyekundu, haina OFA. Watu 41 nilikuwa nimebaki nao. Saa nne asubuhi doti saba zimeshaondoka, na wengine wasionunua wakajibu wakanipa mikasa yao, mmoja kanieleza kanga aliyopewa na mama mkwe siku ya harusi maneno yake mpaka leo hajui lilikuwa dua au fumbo. Nilikaa naisoma ile na machozi. Toka hapo nikaachana na tangazo la Ijumaa, nikawa naandika kila siku.

Kigoda cha Nyuma #5

Sasa kilitokea nini alipoanika?

Mama Sinia #6

Na mimi nauliza hilohilo. Dada usitufanyie hivyo.

Doti Moja #7

Hahaha mnaona sasa? Mnanisubiri. Wale wa zamani mnakumbuka hadithi za kwenye magazeti, inafika anafungua mlango... ITAENDELEA. Ulikuwa unalichukia lile neno na wiki ijayo ukiamka unatafuta gazeti kabla ya chai. Mimi sikusoma kozi yoyote ya masoko, nilisoma magazeti ya hadithi.

Ila angalieni, siku ya pili LAZIMA utoe ulichoahidi. Ukisema nitakwambia kesho, kesho useme. Ukikwepa mara mbili umeshakuwa yule jamaa wa "nakuja nipo njiani".

Niwaonyeshe ilivyokaa maana sio kwamba niliandika tu. Imeanza mama keshaingia dukani, sikuanza na "Ndugu mteja wetu mpendwa tunayo furaha kukutaarifu". Hakuna mtu anaongea hivyo na rafiki yake. Kichwa ni maneno ya kanga yenyewe, na nimeyakata katikati kwasababu kwenye simu kichwa kirefu kinaliwa, na anayeijua kanga anamalizia mwenyewe kichwani. Kanga mnajua ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina yaani yale maneno yake. Pindo na mji vinapendeza lakini mtu mzima anaanza kusoma jina. Wabibi zetu walikuwa wanatuma ujumbe wa mstari mmoja kabla sisi hatujajua kitu kinaitwa kichwa cha imeili.

Halafu kuuza kumekaa wapi? Mwishoni, mistari miwili. Nimeomba kitu kimoja tu, jibu "simba". Sikusema tembelea tovuti, tufuate, shea kwa marafiki kumi, piga namba hizi tatu. Ukimpa mtu milango mitano atasimama barazani.

Na hadithi yenyewe imefanya kazi ya kuuza bila kusema nunua. Mtu hakununua kitambaa, kila mtu ana jirani.

Mzee wa Kijiwe #8

Hapo kwenye jirani umenigusa. Ila KILA SIKU dada? Mtu akiniandikia kila siku namblok, hata mke wangu hanitafuti kila siku.

Doti Moja #9

Mzee hilo la mke tutaliundia uzi wake 😂

Hili swali naulizwa kuliko yote. Wewe jina lako ni Mzee wa Kijiwe, niambie, muuza kahawa anapita kijiweni kwenu mara ngapi? Kila jioni. Anagonganisha vikombe vyake kacha kacha kacha, anakaa, anawapa habari za mtaa wa juu, anachukua za kwenu anapeleka mtaa wa chini. Kuna siku hunywi na wala hakasiriki. Ushawahi kumwambia wewe unapita mno? Humwambii kwasababu hajaja kukusumbua, kahawa ipo na stori ipo. Angepita mara moja kwa mwezi na spika kubwa anapiga kelele PUNGUZO PUNGUZO ungemtupia kiatu.

Kinachochosha ni kuombwa hela kila siku, kusimuliwa haichoshi. Mimi hata siku ambayo hanunui anaondoka na kitu. Juzi niliandika jinsi ya kufua kanga mpya, mara ya kwanza inaweza kuchuja, ifue peke yake, usiichanganye na shati la mzee la kanisani. Siku nyingine niliandika kwanini doti inakuja imeungana na lazima ukate katikati ukapinde mwenyewe, kuna binti wa Toronto alikuwa anavaa zote mbili zimeungana hivyohivyo anadhani ndo mtindo, aliniandikia nikacheka naye. Hayo yote chini kuna mistari yangu miwili ya leo nina nini.

Na wanaotoka wapo, kila wiki wapo. Mwanzoni nilikuwa naumia nadhani nimekosea nini, siku hizi namshukuru kimoyomoyo, kama hataki kusoma hakuwa ananunua.

Leso ya Mvita #10

Hamjambo nyote. Mie ni wa Mombasa na huku twaita leso, msitutaabishe na kanga kanga. Uzi mzuri bibie, ila hujataja kwenu ni wapi zilikotoka hizo zenye alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, duka hilo ni la hapahapa Mombasa tangu 1887, na hadi leo ukienda Biashara Street utakuta watu wanapanga foleni jina jipya likitoka. Bibi yangu hakununua leso bila kutafuta hiyo alama pindoni.

Swali langu, hadithi wazitoa wapi kila siku? Mie siku ya nne nishakauka.

Doti Moja #11

Leso ya Mvita hatujambo karibu sana, na hiyo ya Mali ya Abdulla nilishaiandika, ndo imeili iliyojibiwa na watu wa Muscat wengi kuliko zote, kila mtu ana bibi aliyekuwa anatafuta alama.

Kukauka ni kwasababu unatafuta hadithi kubwa. Ile kaunta buku yangu nyuma nimeigeuza, ukurasa wa mwisho kuja mbele naandika mstari mmoja mmoja wa chochote kilichonifanya nicheke, ninune au nishangae. Nasoma ya wiki hii hapa: "mzee kaja kununua kanga ya kuomba msamaha, hajui kusoma, kaniambia nichagulie isiyonikosti". "Mvua, kanga za mlangoni zimelowa zote." "Mteja kauliza 'Japo sipati tamaa sikati' kama anaweza kumpelekea bosi." Kila mstari hapo ni imeili moja. Ule wa mvua unaweza kuonekana sio kitu, lakini niliandika nilivyozianika ndani ya duka lote mpaka mteja akaingia akadhani tunahama, na kwamba zile zilizolowa nazipunguza bei mpaka Jumamosi. Hiyo ofa ina sababu, mtu anaielewa.

Nyingine zote zinatoka kwenye majibu yao. Mtu akikujibu, MJIBU. Ukishajibu muulize naweza kuisimulia hii? Wakisema ndiyo wanakuwa wanasubiri siku yao kama watoto.

Naandika usiku watoto wakilala, nusu saa haizidi. Najiwekea mtu mmoja kichwani, sio listi. Mimi namwandikia yule dada wa Posta, namuona kabisa kashika kikombe. Ndo maana sisemi "wateja wetu", nasema wewe.

Seva #12

Mimi ni mtu wa kompyuta ngoja nichangie ya ufundi maana naona watu wataenda kukimbilia kutuma halafu waje kulia humu.

Usitume kwa Gmail ya kawaida kwa kuwajaza watu kwenye bcc, ile nakala ya siri. Akaunti ya bure mwisho watu 500 kwa siku, ukizidisha wanakufungia kwa muda, na mbaya zaidi siku ukikosea ukawaweka kwenye cc, nakala ya wazi, kila mtu kaona anwani za wenzie. Tumia programu za kutuma imeili kwa kundi, zipo zenye kifurushi cha bure kwa listi ndogo. Nunua jina lako la tovuti, utume kwa jina hilo.

Kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza. Kila anayetuma lazima awe na SPF au DKIM, hivi ni kama kitambulisho kwamba hii barua kweli imetoka kwako, na wanaotuma zaidi ya 5,000 kwa siku lazima wawe na vyote viwili na DMARC juu yake, yaani maelekezo ya barua isiyo na kitambulisho ifanywe nini, na kitufe cha kujitoa kwa mguso mmoja. Malalamiko ya spamu, yaani barua ambazo mtu hakuziomba, yasifike 0.3%, yaani watu watatu tu katika elfu moja wakibonyeza "hii ni spamu" umeshaanza kuwa kwenye matatizo. Ndo maana ukimficha mtu mlango wa kutokea unajimaliza mwenyewe, akikosa kitufe cha kujitoa anabonyeza cha spamu.

Lingine, ile asilimia ya "waliofungua" msiiamini. Tangu Septemba 2021 programu ya Mail ya kwenye iPhone inaweza kufungua picha za ndani ya imeili yenyewe hata mwenye simu hajaigusa, unaona 60% wamesoma unashangilia kumbe ni simu inajisomea. Hesabu waliojibu na walionunua.

Na ile picha moja kubwa ya OFA, dada umesema kweli, bando la mtu likiwa dogo haifunguki anaona boksi jeupe. Na maandishi ya imeili pamoja na kodi zake, bila kuhesabu picha, yakizidi 102KB Gmail inayakata chini, na chini ndo wengi mnaweka bei.

Pesa Mbele #13

Wakuu mbona mnazunguka sana. Mimi kuna jamaa ananiuzia listi ya imeili 20,000 za wafanyakazi Dar, bei poa. Natuma mara moja, hata nikipata 1% ni watu 200. Kuna ubaya gani?

Seva #14

Pesa Mbele soma tena hapo juu kwenye watu watatu kwa elfu moja.

Halafu hii akili sio mpya. Mwaka 1978 jamaa mmoja wa Marekani anaitwa Gary Thuerk alikuwa anauza kompyuta za kampuni ya DEC, akatuma tangazo kwa watu kama 400 kwenye mtandao wa ARPANET bila kuombwa na mtu. Huo ndo mtandao uliotangulia intaneti ya leo. Walimchachamalia vibaya, na mpaka leo anatajwa kama baba wa spamu. Unataka kuwa mjukuu wake?

Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Kenya wao wana yao ya 2019. Anwani za watu sio nyanya za kununua kwa ndoo.

Doti Moja #15

Asante Seva, hayo ya DKIM mimi alinifanyia kijana mmoja nikampa doti ya mama yake, sijui hata ni nini ila toka siku ile imeili hazipotei.

Pesa Mbele sikucheki, njaa tunaijua wote. Lakini wewe fikiria, mtu anakujua? Mimi wangu 43 walikuwa wameshashika kanga yangu mkononi. Leo nina watu mia sita na kitu, mwaka wa ngapi huu, na hela yao ndo inalipa ada ya shule ya wanangu. Hao 20,000 hawakujui, wewe ni mtu aliyeingia msibani hajui marehemu ni nani anaanza kuuza soda.

Sasa niwape na kosa langu kubwa msije mkadhani ni mteremko. Mwaka wa pili nililewa. Niligundua nikiandika "zimebaki tatu" watu wanakimbilia. Basi nikawa naandika zimebaki tatu hata zikiwa thelathini. Kuna "Mgeni njoo mwenyeji apone" ya bluu, nikaandika hizi ndo za mwisho kabisa, hazirudi. Zikaisha kweli. Nikaenda Uhuru nikakuta mzigo uleule, tamaa ikanishika, nikachukua bunda mbili, wiki iliyofuata nikaandika zimerudi. Asubuhi hiyohiyo mama mmoja mtu mzima wa Tanga, mteja wangu tangu wale 43, akajibu mstari mmoja:

"Mwanangu ulisema za mwisho. Nilikopa."

Nilisimama pale kaunta miguu haina nguvu. Alikopa. Kwa ajili ya uongo wangu wa mistari miwili. Nikampigia nikamrudishia hela yake na kanga nikamwambia abaki nayo, na kesho yake imeili ya watu wote ikawa hiyo, kichwa nikaweka "Nilisema za mwisho, nilidanganya". Nikaeleza yote. Nilijua leo nimefunga duka. Walitoka watu wanne. Ila toka siku hiyo nikisema zimebaki tano watu wanajua ni tano, kwasababu siku hizi napiga na picha ya shelfu. Yule mama wa Tanga bado yupo, akiniandikia anamalizia "na usinidanganye".

Mama Sinia #16

Aisee hiyo ya "nilikopa" imenichoma. Mimi nauza sambusa na kachori za oda ofisini, nimeona makosa yangu yote.

Lakini dada KILITOKEA NINI ALIPOANIKA.

Asali Mbichi #17

Habari mkuu. Mimi nauza asali ya Tabora, naletewa na shemeji yangu, nafungasha hapa Kimara. Nimehamasika nimeandika ya kwangu, naomba unisahihishe usinionee aibu:

*Kichwa: TAARIFA MUHIMU KWA WATEJA WETU*
*Ndugu mteja mpendwa, tunapenda kukutaarifu kuwa tumepokea mzigo mpya wa asali halisi isiyochanganywa na kitu chochote, yenye ubora wa hali ya juu na faida nyingi kiafya. Bei zetu ni nafuu sana. Karibuni wote.*

Changamoto yangu ni kwamba asilimia kubwa wanaonipigia ni kulalamika asali imeganda, wanasema nimeweka sukari, nachoka kueleza kila mtu mmoja mmoja.

Doti Moja #18

Asali Mbichi, futa yote uliyoandika juu, imeili yako ni hiyo sentensi ya mwisho uliyoiandika unalalamika!

"Tumepokea", nyie wangapi? Uko peke yako Kimara na shemeji. Sema mimi. "Ubora wa hali ya juu" kila mtu anasema hata anayeuza sukari guru iliyoyeyushwa. "Taarifa muhimu" nimeshtuka nikadhani maji yanakatwa.

Kichwa weka: Asali yako imeganda? Halafu anza na ile simu, mtu kakupigia saa tatu usiku amekasirika. Mweleze ulichomjibu, kwamba asali halisi inaganda yenyewe kwasababu ya sukari yake ya asili, wala hakuna aliyeongeza kitu, hasa kipindi cha baridi. Mwambie achukue chupa aiweke kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, yasiwe ya kuchemka, asubiri, itarudi kuwa maji. Mwambie na wewe chupa ya nyumbani kwako imeganda na unaila kwa kijiko kwenye mkate hivyohivyo. Mwisho: mzigo umefika jana, nina chupa kadhaa (andika namba ya KWELI), jibu "asali". Umemaliza. Kesho yake andika shemeji anavyorina usiku.

Asali Mbichi #19

Duh. Sawa mkuu natuma kesho asubuhi. Nina imeili 19 tu.

Kigoda cha Nyuma #20

Wewe unayeandika kila siku, mbona hujasema kuhusu kukosa siku? Ukiumwa je?

Doti Moja #21

Mwaka juzi mama yangu alilazwa, nikawa hospitali siku nne, sikuandika hata neno. Nilipofungua simu siku ya tano nikakuta imeili nyingi sijawahi ona, sio oda. "Uko salama?" "Dada kimya, kuna nini?" Dada wa Posta kaandika "nimefika ofisini siku ya nne hamna kanga, naomba uniambie tu unapumua". Nilimsomea mama pale kitandani, akaniuliza hawa ni ndugu wa upande gani.

Asali Mbichi #22

Mrejesho. Nimetuma saa moja na nusu kama ulivyosema, watu 19. Wamejibu watano. Watatu wanataka asali, mmoja ananiambia ilishaganda akaitupa mwezi uliopita anajilaumu. Wa tano kaandika: "Nani mwenzangu?"

Doti Moja #23

Mjibu. Mwambie jina lako, mwambie alinunua lini na chupa ya ukubwa gani, kama unayo kwenye daftari. Kama huna, hapo ndo pa kuanzia.

Mama Sinia #24

Siku ya tatu leo. Sitoki humu. Alipoanika?

Doti Moja #25

Haya jamani nisije nikalaaniwa 😂

Mama alianika ile kanga saa kumi na moja na nusu jioni, kamba ya mbele, jina limetazama upande wa pili kabisa asikose kulisoma. Akakaa ndani nyuma ya pazia. Jirani akatoka kumwaga maji, akasimama, akaisoma. Akaisoma tena. Akagonga mlango. Mama anasema moyo ulimwenda mbio, kajipanga, maneno yote anayo. Kufungua, jirani anamwambia: shoga, hii kanga umeitoa wapi, kuna mtu namtafutia.

Alhamisi iliyofuata huyo jirani akaja dukani, kavaa vizuri, hasemi, anapekua tu. Nikamuuliza mama unatafuta rangi gani.